Mpishi na Mwaka wa Mia wa Kiziwi

Saa kumi na mbili kasorobo za jioni, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1927, tulikuwa tumejaa mikekani katika nyumba ya jirani yangu huko Temeke, tumefunga, tumenyamaza, na tumekatazwa kufurahi. Amri ya kutofurahi ilitoka kwa Shehe wa msikiti wetu. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kando ya gramafoni, akiwa ametugeuzia uso ili atuone vizuri. Mwenye nyumba akatia ufunguo, akapuliza vumbi, akaishusha sindano.

Nitaeleza tulifikaje hapo. Lakini mtu yule hakuwa mtu wa siku moja, na nikianza na siku ile nitamdhulumu.

Tulimwita Mpishi. Katika miaka yote niliyokaa nyumba ya tatu kutoka kwake sikuwahi kumwona akipika hata uji. Mkewe ndiye aliyepika, naye Mpishi alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akitazama sufuria kama mkaguzi wa forodha.

"Chumvi," alisema.

"Nimetia."

"Umetia mapema."

"Basi njoo utie wewe kwa wakati unaoutaka."

Hapo aliondoka. Alikuwa na msemo kwamba mpishi aliyestaafu ni kama nahodha aliyeshuka nchi kavu: anajua upepo, lakini hashiki tanga.

Upishi wake ulikuwa wa zamani, kabla ya vita ya kwanza, kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa daktari wa meno mjini. Daktari huyo alikuwa na gramafoni na sanduku la santuri za muziki mkubwa wa kwao, ule unaopigwa na watu wengi wamekaa kwenye viti, hakuna anayecheza. Aliupenda kwa dhati, lakini aliutumia pia kazini. Mgonjwa alipokalishwa kitini, Mpishi aliitwa kutoka jikoni, akanawa mikono, akatia ufunguo. Muziki ukapanda, jino likang'oka, na waliosubiri barazani hawakusikia mayowe.

Ndiyo maana Mpishi aliugawa muziki wote wa Ulaya kwa meno. Kuna nyimbo za meno ya mbele, zinazokwenda taratibu na kumaliza mapema. Kuna za chonge. Na kuna za gego, ambazo huanza kwa kugonga mlango na haziachi mpaka kitu kimetoka. Alipotusikilizisha santuri mpya alitutahadharisha: "Hii ni ya gego la chini." Mie ni mtu wa kupima maneno, lakini nakiri kwamba mara mbili nilirudi nyumbani nimeshika shavu. Msemo wake mwingine ulikuwa huu: jino hutoka, wimbo hubaki.

Daktari alikuwa na desturi moja ambayo Mpishi aliielewa mara moja. Kila mwaka, siku aliyokufa mtunzi mmojawapo, aliagiza keki, akawaita marafiki, wakasikiliza kazi ya marehemu, kisha akasimulia machache ya maisha yake. Mpishi, mtoto wa Pwani, hakuhitaji kufafanuliwa. Mtu amekufa, siku yake imerudi, watu wamekusanyika, kuna kitu cha kula. Tofauti ilikuwa keki tu.

Daktari alipoondoka, Mpishi aliendelea. "Aliyekulisha, wafu wake ni wafu wako," alisema. Keki aliigeuza kashata, chai akaigeuza kahawa, na siku akazigeuza kwa mwezi. Hii ya mwisho ndiyo iliyomponza, nami nitaifikia. Hitima hakuwasomea, alijua mipaka, na Shehe alikwisha kumwambia kwamba yaliyo baina ya wale na Mungu si yetu, ila kahawa ni yetu.

Wafu wake walikuwa wanne, naye aliwataja kama watu wa ukoo. Wa kwanza ni Baba Watoto, aliyezaa ishirini kwa wake wawili, lakini mmoja baada ya kufa mwingine, jambo ambalo Mpishi aliliona ni ubahili. Wa pili ni Mhamiaji, Mjerumani aliyehamia kwa Waingereza akafia huko. Askari wa doria alipouliza kuna kelele gani, Mpishi alimtoa huyo mbele: "Huyu ni wenu, bwana. Aliwakubali kabla yetu." Wa tatu ni Kijana, aliyekufa mapema na kuzikwa karibu bila watu. Kwa huyu Mpishi hakuwa na utani. "Mji mzima wenye farasi na makanisa, mtu asizikwe na jirani zake?" Siku ya Kijana kahawa ilikuwa nyingi kupita siku zote, na aliyekosa kuja bila udhuru alinuniwa wiki nzima.

Wa nne ni Kiziwi. Alitunga muziki mkubwa kuliko wote bila kuusikia, akafa saa kumi na mbili kasorobo jioni, radi inapiga. Kazi yake katika sanduku la Daktari ilikuwa santuri nne zenye nyuso nane. Gego tupu.

Ungedhani mtu kama huyu alikuwa na sikio. Hakuwa nalo. Siku moja mwadhini aliumwa, Mpishi akajitolea kuadhini. Siku ya pili mwadhini alikuja na homa yake. Na katika kusikiliza santuri, yeye alilala. Uso wa kwanza alikuwa macho, wa pili kidevu kilishuka, wa tatu alikoroma. Sindano ilipofika mwisho na kuanza kukwaruza alifumbua macho, akageuza santuri, akasema, "Mmesikia pale?" Ngoma hakuzipenda, alisema ni makelele, na huku mkewe alikuwa mtu wa lelemama aliyejulikana mpaka Buguruni.

"Mume wangu ana wafu wengi kuliko jamaa," mkewe aliwaambia shoga zake. "Na hata mmoja hajawahi kuleta kanga."

Kitu alichokitaka mwanamke huyu maishani kilikuwa paa la bati. Nyumba yao ilikuwa ya makuti, na masika kila chumba kilikuwa na sufuria yake ya kukinga matone. Mpishi hakuwa na fedha ya bati. Alichokuwa nacho chenye thamani ni gramafoni na santuri zake, navyo havikuwa vyake.

Daktari alipokuwa anaondoka, Waingereza wakiwa karibu kuingia, alimkabidhi kwa maneno haya, ambayo Mpishi aliyarudia mara nyingi bila kubadili neno: "Tunza mpaka mwaka wa mia wa Kiziwi. Siku hiyo piga nyuso zote nane, saa aliyokufa. Baada ya hapo ni yako. Ukitaka uza, ukitaka tupa."

Hiyo ni amana. Kwa watu wa mtaa wetu, amana ni jambo linaloweza kumfuata mtu mpaka kaburini.

Sasa, tarehe ya kufa Kiziwi Mpishi alikwisha kuipeleka zamani kwa mjuzi mmoja wa falaki mjini, naye akaigeuza kwa hesabu yetu: ishirini na saba Shaaban. Tarehe bora kuliko hiyo hakuna, kwa kuwa ni siku za vunja jungu, watu wanakula kuaga kabla ya kufunga. Mpishi akawa anahesabu miaka kama anavyohesabu ya mama yake mzazi, kwa miezi inayoandama. Mwaka 1924, ishirini na saba Shaaban, ikatimia mia. Tulikula biriani, tukasikiliza nyuso nane, Mpishi akalala tatu. Wiki ya pili baada ya Idi akamwuzia gramafoni na santuri zake mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa bara aliyepanga karibu nasi, kwa shilingi themanini. Kwa shilingi hizo hizo akaezeka bati.

Mkewe alikaa nje siku nzima akilitazama. Mvua ya kwanza aliisikiliza kama wengine wanavyosikiliza santuri.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kisha, Ramadhani ya mwaka 1927, Mwalimu alikuja barazani kwa Mpishi na gazeti la Kiingereza. Mie nilikuwepo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa. Mbona uso wa msiba?"

"Mzee, huko Ulaya wanajiandaa. Wiki ijayo Kiziwi anatimiza miaka mia."

"Alikwisha timiza. Ulikula biriani yake."

"Nilikula, Mzee. Ndiyo maana naona haya kusema."

Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha chapa, na kila mwaka tulichapa kalenda zenye hesabu zote mbili, kwa hiyo niliona mara moja kilichotokea. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa mwaka mmoja si kitu. Kwa mia, ni karibu miaka mitatu. Nilimweleza Mpishi polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakulala.

"Kwa hiyo," alisema, "nilipouza, ilikuwa bado."

"Kwa hesabu yao, bado."

"Basi nimeuza mali ya watu."

Mwalimu akaruka. "Mzee, chukua! Nakuazima bure. Piga siku hiyo, kesho yake unirudishie."

"Amana haiazimwi, mwanangu. Daktari hakusema nikaazime. Alisema nitunze."

Tukaenda kwa Shehe. Mpishi alitumaini, nadhani, kwamba Shehe atasema hesabu ya mwezi ndiyo hesabu, na kwamba mambo yamekwisha na bati libaki juu. Shehe alifikiri akipitisha tasbihi.

"Aliyekupa alihesabu kwa nini?"

"Kwa jua, Shehe. Wale mwezi wanautazama tu."

"Ukikopa mchele kwa pishi ya jirani, unarudisha kwa pishi ya nani?"

"Ya jirani."

"Basi umejijibu."

"Lakini Shehe, siku yenyewe ni ndani ya mwezi huu. Na saa yenyewe watu wamefunga. Muziki mchana wa Ramadhani?"

Hapo Shehe akaanza tasbihi upya. Mwalimu, kwa nia njema, akaanza kusema kwamba kwa kweli saa za kule ziko nyuma ya zetu, na kwamba tukitaka uhakika—

"Mwalimu," alisema Shehe, "usituongezee hesabu." Kisha akamgeukia Mpishi. "Kulipa deni hakungoji Idi. Pigeni. Lakini iwe kulipa deni, si starehe. Asifurahi mtu. Nitakuja mwenyewe kuangalia."

Likabaki bati, maana fedha ya kuikomboa gramafoni ilikuwa juu ya paa. Mpishi alimweleza mkewe jioni ile baada ya futari, uani, nasi majirani tukiwa upande wa pili wa ua wa makuti tukijifanya tunazungumza mengine.

"Marehemu wako ni kiziwi," tulimsikia mkewe akisema. "Mvua haimkeri. Mie nasikia kila tone."

"Nalijua hilo."

"Ungekuwa unalijua ungekuwa na marehemu mmoja, kama watu."

Kisha tukasikia kisanduku kinafunguliwa. Zilikuwa fedha za mkewe, za vitumbua alivyouza alfajiri miaka yote ile.

"Bati kuukuu hawatakupa themanini," alisema. "Litapungua. Chukua humu. Nimeolewa na mtu wa amana. Nikimfundisha kuivunja moja, kesho atavunja yangu."

Asubuhi tulipanda juu kung'oa. Mwenye duka mmoja wa Buguruni alilichukua bati lote isipokuwa moja lililopinda, akatoa shilingi hamsini na sita, baada ya mabishano ambayo yaliwatia kiu watu wote na hakuna aliyeruhusiwa kunywa. Kilichopungua kikatoka kwenye vitumbua. Mwalimu alipokea shilingi zake themanini kwa mikono miwili, macho chini, kama anayepewa habari ya msiba. Mtaa mzima ukasaidia kuezeka makuti, na gramafoni ikarudi chumbani kwa Mpishi siku moja kabla ya siku.

Sasa ninarudi pale nilipoanzia.

Uso wa kwanza uligonga mlango kama ulivyozoea. Nikatazama watu wasivyofurahi. Fundi cherehani aliuma ndevu zake. Wavuta mikokoteni wawili waliinamisha vichwa kama wanaosomewa talaka. Nyuma ya nyumba alikuwepo Mwalimu, amepewa lile bati lililopinda alitikise, kwa sababu Mpishi alishikilia kwamba saa ile kulikuwa na radi na deni lazima lilipwe lote. Mwalimu alitikisa kwa moyo, kwa sababu alijiona mkosaji ingawa hakukosa lolote.

Katikati ya uso wa tatu radi yenyewe ikapiga, na masika yakamwagika. Mke wa Mpishi akatoa kichwa dirishani.

"Basi, Mwalimu, ingia ndani! Mwenyewe amekuja."

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Chini ya bati, mvua ile ingemeza santuri zote. Tusingesikia hata uso mmoja. Makuti yaliipokea kimya kimya. Tulisikia kila kitu. Palivuja mahali pamoja tu, juu ya bega la Shehe, naye hakusogea. Nilikuwa upande wake, na nikiwa mtu wa kutazama nitasema nilichokiona: tangu uso wa tano, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kinakwenda juu na chini. Na Mpishi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakulala.

Jua lilizama uso wa saba haujakwisha. Tende zikapita, maji yakapita, tukasali Magharibi pale pale. Shehe alipotoa salamu hakungoja hata mtu akunje mkeka.

"Umebaki uso mmoja," alisema. "Deni halilipwi pungufu."

Uso wa nane ni wa shangwe mwanzo hadi mwisho. Tulimtazama Shehe tupate amri. Amri haikurudiwa.

Asubuhi yake Mwalimu alikuja tena na shilingi themanini mfukoni. Sasa gramafoni ilikuwa ya Mpishi kwa hesabu zote, ya mwezi na ya jua. Angeweza kuiuza na bati lirudi. Mkewe alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama. Mpishi aliitazama gramafoni, akaitazama fedha.

"Kiziwi nimemlipa," alisema. "Lakini wamebaki watatu."

Mkewe hakusema naye mpaka Idi.

Miaka ya baadaye alinunua bati kwa vitumbua vyake mwenyewe, akaezeka upande wake peke yake. Kwa hiyo mgeni anayepita mtaani kwetu hata leo anaona nyumba yenye mapaa mawili, kulia bati, kushoto makuti, na akiuliza anaambiwa kwamba kushoto wanakaa marehemu.

Mara ya mwisho kukaa na Mpishi ilikuwa mwaka 1950. Nilisoma kwamba Baba Watoto anatimiza miaka mia mbili tangu kufa, nikaona nikampe habari. Nilimkuta upande wa makuti, amekuwa mdogo kitini, santuri mapajani. Mkewe alikuwa mlangoni akichambua mchele. Mpishi alicheka kabla sijamaliza.

"Umechelewa. Tulimfanyia wakati wa vita ya pili, kahawa haina hata sukari. Lakini tutamfanyia tena. Siku hizi nalipa mara mbili, kwa mwezi upande wangu, kwa jua upande wao. Sidaiwi tena na mtu."

Mkewe akakohoa. Mpishi akajifanya hakusikia.

"Na mie," aliendelea, sauti imeshuka, "mkija kunifanyia, fanyeni kwa mwezi."

"Kwa nini kwa mwezi, Mzee?"

"Nitawahi kufika mia."

Nilitazama juu, makuti yalikuwa mapya. Mkewe aliweka ungo chini.

"Mwezi, jua, mtakavyo," alisema. "Kahawa nitapika mie nikiwa hai. Ila huyo atakayeshika siku yake, mwambie deni la marehemu halilipwi pungufu. Anaanza kwangu, kwa zile za vitumbua."

"Ishirini na nne," alisema Mpishi, amefumba macho.

"Na senti hamsini."

"Hamsini za nini?"

"Za misumari. Uliing'oa ikapinda yote." Akauchukua ungo wake. "Shilingi ishirini na nne na senti hamsini."